Ramani ya Nyumba ya Kompyuta: Tuikague Kabla ya Kuchimba Msingi



Zamani ramani ya nyumba ilikuwa kazi ya penseli, rula na karatasi kubwa. Siku hizi mtu akishauza pamba yake au korosho, akaamua sasa najenga, anapanda basi kwenda mjini kwa kijana mwenye kompyuta. Kijana anabonyezabonyeza. Karatasi inatoka safi, ina vyumba, ina milango, hata vitanda vimo. Mwenye nyumba anaikunja vizuri, anarudi nayo kijijini, anamkabidhi fundi. Fundi naye anashika jembe.

Ramani ile inaweza kuwa na kosa, na wala lisionekane. Kompyuta haijui kujenga. Inachora kile ilichoambiwa. Ikiambiwa vibaya, inachora vibaya, ila kwa unadhifu sana. Na zege likishamwagwa kwenye msingi, hakuna kifutio cha kulifuta. Ni fedha ya msimu mzima imelala pale chini.

Kwa hiyo leo tutajifunza makosa yanayotokea mara kwa mara katika programu za kuchorea nyumba, na namna ya kuyasahihisha. Somo hili ni la aina mbili za watu. Wapo wanaojifunza kuitumia kompyuta wenyewe, na wapo wanaoletewa karatasi tu. Wote wawili wanahitaji rula, kalamu, na hesabu ya kujumlisha tuliyoisoma kisomoni.

Programu hizi ziko nyingi. AutoCAD, ya kampuni moja ya Marekani, ilitoka mwaka 1982, na hutumiwa sana na wahandisi. Hiyo inalipiwa. Sisi tutachukua mfano wa Sweet Home 3D, kwa sababu inapatikana bure na mtu anaweza kuijifunza bila kwenda chuo.

Nukta ndogo, hasara kubwa

Tuanze na kusoma tarakimu, maana hapa wengi wanateleza. Ukiona 3.5 kwenye ramani ya mita, soma hivi: mita 3 na nusu, yaani mita 3 na sentimita 50. Siyo mita 3 na sentimita 5. Mita 3 na sentimita 5 huandikwa 3.05. Tofauti yake ni sentimita 45, karibu upana wa kiti!

Tena, uliza ramani imeandikwa kwa kipimo gani. Chumba kile kile kinaweza kuandikwa 3.5 kwa mita, 350 kwa sentimita, au 3500 kwa milimita. Na mafundi wetu wengi bado wanahesabu kwa futi. Futi 1 ni sentimita 30 na nusu hivi. Futi 10 ni mita 3 na sentimita 5 karibu kamili. Ukimwambia kijana "nataka chumba cha kumi kwa kumi", na yeye kompyuta yake imewekwa kwenye mita, atakuchorea ukumbi wa mikutano. Katika Sweet Home 3D kipimo hubadilishwa kwenye ukurasa wa mapendekezo ya mtumiaji: sentimita, milimita, mita au inchi. Angalia hapo kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

Wenye AutoCAD wana shida ya namna yake. Programu ile haijali kama 3000 yako ni milimita au mita. Ukichukua mchoro wa mtu aliyetumia mita ukauingiza kwenye wako wa milimita, unaweza kuingia mdogo mara 1000, kama kitone cha nzi. Utafikiri umepotea. Haukupotea. Andika Z, bonyeza Enter, kisha E, bonyeza Enter tena, kila kilichochorwa kitaonekana kiooni. Halafu uukuze mara 1000.

Unene wa ukuta

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tunaomba usome sehemu hii polepole, hata mara mbili.

Ukifungua Sweet Home 3D kwa mara ya kwanza na kuanza kuchora, inakupa ukuta wenye unene wa sentimita 7 na nusu. Tazama rula yako. Ukuta kama huo ni wa mbao na vibao, si wa tofali. Tofali la saruji la inchi 6 lina sentimita 15. Ukuta wa tofali za kuchoma, zile tunazopiga wenyewe, unaweza kufika sentimita 23, kufuatana na kalibu.

Je, kuna ubaya gani? Tupige hesabu.

Mama mmoja anataka vyumba vitatu kwa mstari, kila kimoja mita 3 kwa ndani. Vyumba vitatu vina kuta nne: mbili za mwisho na mbili za katikati. Kwenye kompyuta kuta nne za sentimita 7 na nusu ni sentimita 30. Jumla ya nje: mita 9 na sentimita 30. Karatasi inatoka na urefu huo. Fundi anavuta kamba mita 9 na sentimita 30, anachimba.

Lakini tofali zilizopangwa uani ni za kuchoma, sentimita 23. Kuta nne ni sentimita 92. Ukiziondoa kwenye mita 9 na sentimita 30, zinabaki mita 8 na sentimita 38. Gawanya kwa vyumba vitatu. Kila chumba kinapata mita 2 na sentimita 79, na bado hujapiga lipu. Kitanda cha futi 6 kitaingia, ndiyo. Kabati la nguo nalo likiingia, mama atapita ubavuubavu kwenda dirishani.

Nani mkosaji hapo? Fundi amefuata karatasi. Kijana amechora vyumba vya mita 3 kama alivyoagizwa. Kosa ni kwamba hakuna aliyeuliza tofali lina unene gani. Basi kabla ya kupanda basi, chukua rula, pima tofali lako mwenyewe, andika namba hiyo kwenye kikaratasi, ukaidai mbele ya kompyuta.

Kwa wanaochora wenyewe, liko jambo moja la hila kidogo. Unene uwekwe mwanzo, kabla ya kuchora. Programu hii hupima ukuta kwa mstari unaopita katikati yake, kama kamba iliyofukiwa katikati ya tofali. Ukinenepesha ukuta baadaye, ule mstari hausogei. Ukuta unavimba pande zote mbili, na chumba kinabanwa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiandika ukuta wa mita 3 kwa tofali la sentimita 15, ndani utapata mita 2 na sentimita 85 tu. Nusu ya unene imeliwa huku, nusu imeliwa kule. Unataka mita 3 kamili za ndani? Andika mita 3 na sentimita 15.

Na usitegemee mkono katika kuvuta mstari. Kipanya kinatetemeka, hasa kwa sisi tuliozoea mpini wa jembe. Anza ukuta, kisha bonyeza Enter, programu itakuruhusu kuandika urefu unaoutaka kwa tarakimu. Ukimaliza ukuta, bonyeza mara mbili upesi au tumia kitufe cha Esc, la sivyo mstari utaendelea kukufuata kila uendako.

Kuta ambazo hazikukutana

Wakati mwingine unabonyeza mara mbili katikati ya chumba ili kompyuta ikijaze sakafu, nayo inakataa. Sababu ya kawaida ni kwamba pembe mojawapo haikuungana. Kwa macho zinaonekana zimegusana, kumbe pana mwanya. Kuza picha, zungukia pembe moja moja. Ukiuona mwanya, kamata ncha ya ukuta uivute mpaka ikutane na mwenzake. Ni kama zizi: mbuzi wakitoka usiku, unatafuta tundu, hulaumu mbuzi.

Ukitaka kuifuata ramani ya zamani ya karatasi, unaweza kuipiga picha na kuiweka chini ya mchoro wako. Ipige ukiwa umesimama juu yake sawasawa, siyo kwa pembeni, la sivyo vyumba vyote vitapinda. Kisha programu itakuuliza urefu wa mstari mmoja unaoujua. Chagua ukuta mrefu, si mlango. Ukikosea kidogo kwenye mlango, kosa hilo litaongezeka nyumba nzima.

Karatasi iliyosinyaa

Ramani imekuwa sahihi kiooni. Je, na kwenye karatasi?

Tuseme imeandikwa skeli ni 1:50. Maana yake sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50 za kiwanja, yaani nusu mita. Chumba cha mita 3 kitakuwa sentimita 6 kwenye karatasi. Lakini mashine za kuchapa zina tabia ya kuupunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi, bila kumwambia mtu. Maandishi ya 1:50 yanabaki pale pale, ila mchoro umekuwa mdogo. Weka rula: unapata sentimita 5.7. Fundi anayepima kwa rula atazidisha 5.7 kwa 50, atapata sentimita 285. Chumba kimepotea sentimita 15 njiani kati ya kompyuta na karatasi!

Dawa yake ni mbili. Kwanza, wakati wa kuchapa, skeli iwekwe kwa tarakimu kwenye mpangilio wa ukurasa, isiachwe programu ijichagulie. Na kama ni faili la pdf, ichaguliwe ukubwa halisi, asilimia 100. Pili, hata hivyo, fundi asichukue vipimo kwa rula kamwe. Afuate tarakimu zilizoandikwa. Rula ni ya kukagua tu: kama rula na tarakimu hazipatani, karatasi hiyo imesinyaa.

Kutoa fotokopi nako kunaweza kusinyaza. Na picha ya ramani iliyotumwa kwa simu haina skeli kabisa, maana kila mtu anaikuza na kuipunguza kwa vidole. Mwombe kijana achore kwenye ramani mstari mmoja wa vipimo ulioandikwa "mita 5". Ramani ikipungua, mstari nao utapungua pamoja nayo, na utajua.

Kisha jumlisha. Usione aibu kukaa kwenye benchi la yule kijana na kalamu yako. Ukuta 15, chumba 300, ukuta 15, chumba 300, ukuta 15, chumba 300, ukuta 15. Jumla 960. Je, urefu wa nje umeandikwa 9.60? Kama umeandikwa kitu kingine, karatasi isiondoke hapo.

Mengine madogo

Umeme hukatika. Hifadhi kazi kila baada ya ukuta kadhaa, na nakala nyingine iwe kwenye flashi. Programu moja huenda isifungue faili la nyingine, kwa hiyo udai faili la pdf pia. Hilo hufunguka karibu kila mahali. Kompyuta ikiwa nzito kama trekta bovu, ondoa miti, magari na makochi uliyopamba. Hayo ndiyo yanayoichosha. Na kama mlango unafungukia kitandani, ugeuzwe kwenye mchoro sasa, maana bawaba ikishapigwa ni shughuli.

Jambo ambalo programu haitakuonyesha ni kiwanja chenyewe. Kwayo ardhi ni tambarare kama meza, haina kichuguu wala mteremko. Fundi akishavuta kamba, kagua pembe kwa futikamba. Pima kutoka kwenye kona mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili lazima upate mita 5. Kwa nyumba ya mita 9.60 kwa mita 7, pima pia kutoka kona hadi kona, mkingamo. Mikingamo yote miwili iwe sawa, kila mmoja karibu mita 11 na sentimita 88. Ikitofautiana, mambo yahamishwe kabla ya kuchimba.

Zoezi

1. Nyumba ina vyumba viwili kwa mstari, kila kimoja 3.5 kwa ndani, kwa mita. Tofali lina sentimita 20. Urefu wa nje ni kiasi gani?
2. Kwa skeli ya 1:50, urefu huo utakuwa sentimita ngapi kwenye karatasi?
3. Umepima karatasi kwa rula ukapata sentimita 14.4. Imekuwaje?

Majibu: (1) Mita 7 na sentimita 60. (2) Sentimita 15.2. (3) Karatasi imesinyaa. Ichapwe upya kwa ukubwa halisi.