Kufanya Kazi Chini ya Meneja Mchina: Mwongozo kwa Wasimamizi, Maofisa Rasilimali Watu na Wakalimani

Mwongozo huu umeandikwa kwa Mtanzania aliyeajiriwa, au anayekaribia kuajiriwa, na kampuni ya Kichina: msimamizi wa zamu, ofisa rasilimali watu, mhandisi, mtunza stoo, mkalimani. Msomaji wa Kenya anaweza kuutumia pia, ila kwenye mambo ya sheria afuate Sheria ya Ajira ya nchi yake ya mwaka 2007. Humu hamna mafunzo ya kushika vijiti vya kulia, wala orodha ya zawadi zenye mkosi. Hayo utayajua mezani kwa siku mbili tatu. Linalowakwamisha wengi ni kutojua bosi aliye mbele yao anawajibika kwa nani, mamlaka yake yanaishia wapi, na nini kimeandikwa. Ugomvi mwingi unaopewa jina la tofauti za mila, ukiuchunguza, utakuta ni ugomvi wa ratiba, wa mamlaka au wa karatasi.

Kampuni ni ya nani?

Kampuni za Kichina si za aina moja. CCECC, ambayo bango lake limesimama kwenye miradi mingi ya Tanzania, ni ya dola ya China. Ilisajiliwa mwaka 1979 kutokana na ofisi ya Wizara ya Reli iliyosimamia ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. CRBC, iliyojenga reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017, nayo ni ya dola. Transsion ya Shenzhen, wenye simu za Tecno, itel na Infinix, ni kampuni binafsi. Halafu kuna mwenye duka la jumla Kariakoo, ambaye kampuni yake ni yeye, mkewe na shemeji yake.

Kwa huyu wa mwisho, kila kitu kinaamuliwa papo hapo. Ukimwomba nyongeza ya mshahara atakubali au atakataa kabla hujamaliza chai. Kwenye kampuni ya dola mambo ni tofauti kabisa. Meneja wa mradi ni mwajiriwa kama wewe. Amekabidhiwa mradi wenye tarehe ya mwisho na faida inayotarajiwa, na cheo chake kijacho kinategemea hayo mawili. Anaweza kuamuru zege limwagwe usiku kucha bila kumuuliza mtu, lakini hana uwezo wa kubadili ngazi ya mshahara wako hata akikupenda vipi. Hiyo inapita kwa mhasibu, inapanda makao makuu, inashuka. Anayemlaumu kwa ubahili anagombana na mtu ambaye naye anasubiri jibu.

Kwa hiyo jifunze saa za Beijing. Wao wako mbele yetu kwa saa tano. Sisi tunapoingia ofisini saa mbili asubuhi, makao makuu wamo kwenye mapumziko ya mchana, ambayo Wachina huyaheshimu sana na wengi hulala kidogo. Saa sita na nusu kwetu, kwao kazi inakaribia kufungwa. Dirisha lililobaki ni kama kuanzia saa tatu hadi saa sita mchana. Ombi linalohitaji idhini ya Beijing likimfikia meneja saa nane, ujue limeshalala hadi kesho.

Mwaka wao wa hesabu nao huisha Desemba, si Juni kama wa Serikali yetu. Kisha inakuja Sikukuu ya Machipuko, mwaka mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Katika desturi yao madeni hulipwa kabla ya siku hiyo. Mkandarasi mdogo au mzabuni anayedai apeleke hati zake mapema Desemba. Akisubiri Februari, atakuta ofisi za China zimefungwa kwa wiki nzima na zaidi, na zikifunguliwa ataanza upya kwenye foleni. Wiki ya kuanzia tarehe 1 Oktoba nayo ni likizo kwao.

Kukataa kwa adabu

Mswahili hapendi kumkatalia mtu usoni. Atasema “nitajitahidi”, “tutaona”, “Mungu akipenda”. Mchina naye hapendi. Atasema suala hilo litachunguzwa, au kwamba lina ugumu kidogo. Matokeo yake watu wawili wenye adabu zao wanaachana wakitabasamu, kila mmoja akiamini kakubaliwa. Wiki ya pili mmoja anamwita mwenzake mwongo.

Dawa ni kuacha kuuliza maswali yanayojibiwa kwa ndiyo. Usimwulize meneja, “Vifaa vitafika?” Mwulize vitafika tarehe ngapi, nani ameviagiza na namba ya oda ni ipi. Wewe ukiulizwa kama kazi itaisha Ijumaa, usiseme “sawa” ya heshima. Sema: nondo zilizopo zinatosha nguzo sita, zimebaki nne, zikifika Jumatano tutamaliza Jumamosi. Meneja wa Kichina hachukii habari mbaya yenye hesabu na picha. Anachochukia ni kuisikia Ijumaa jioni.

Jambo zito usilizushe kikaoni. Kwenye kampuni nyingi za Kichina kikao ni mahali pa kutangaza yaliyokwisha kuzungumzwa, na ukimbana mkubwa mbele ya wadogo zake utamlazimisha akukatalie hata pale alipotaka kukubali. Anza na msaidizi wake au mhandisi mkuu, mweleze, mwachie siku moja.

Makaripio

Meneja wa Kichina akiudhika saitini hupayuka, na huanza na vijana wake mwenyewe. Kijana wa Kichina husikiliza ameinamisha kichwa, anarudi kazini, na jioni wanakula meza moja. Mtanzania aliyekaripiwa hivyo hivyo mbele ya vibarua wake anahesabu kwamba amevunjiwa utu, na huenda kesho asije.

Simwambii mtu avumilie kila kitu. Tusi, kusukumwa au kupigwa si mila ya mtu yeyote. Ni kosa, na linapelekwa kwa chama cha wafanyakazi, ofisa kazi au polisi. Lakini karipio la kazi lina namna yake. Usijibizane naye palepale, kwa sababu heshima ya hadharani kwao ni kitu kikubwa kama ilivyo kwetu. Mfuate jioni, mkiwa wawili na mkalimani, umwambie: “Bosi, kosa nimeliona na nimelirekebisha. Ila ukinisema mbele ya vijana, kesho hawatanisikiliza, na kazi yako itachelewa.” Sehemu ya mwisho ndiyo itakayomwingia.

Na mwiteni kwa jina. Kwao jina la ukoo hutangulia, cheo kikafuata. Kwa Kiswahili “Mhandisi Li” au “Bosi Wang” inatosha. “We Mchina” haitoshi, kama ambavyo na wewe una haki ya kudai usiitwe “rafiki” miaka miwili mfululizo.

Tarakimu, vidole na saa

Hasara nyingi za saitini zinaanzia hapa, na ajabu ni kwamba vitabu vingi vya uongozi havipagusi. Wachina huhesabu kwa makundi ya elfu kumi. Milioni moja kwao ni elfu kumi mara mia. Milioni ishirini na tano ni elfu kumi mara elfu mbili na mia tano. Mkalimani aliyechoka hudondosha sifuri moja bila kujua. Kiasi chochote cha fedha kiandikwe kwa tarakimu, sifuri zote zionekane, kabla mtu hajatikisa kichwa.

Vidole navyo vinasema uongo. Wachina huonyesha hadi kumi kwa mkono mmoja. Sita ni kidole gumba na cha mwisho. Nane ni kidole gumba na cha shahada, vingine vimekunjwa. Pale mashine inaponguruma na fundi wa Kichina akainua gumba na shahada, anataka mifuko nane ya saruji. Wewe unaona viwili, unamletea miwili, na ugomvi unaanza.

Saa yetu ndiyo inayowachanganya wao zaidi. “Saa nne” kwa Mtanzania ni 10:00, na mgeni aliyejifunza Kiswahili miezi mitatu atasikia nne ya alfajiri au ya alasiri. Kwenye matangazo na kwenye kundi la WeChat andika 10:00, 14:00, 22:00, basi.

Mkalimani awe na ruhusa ya kusimamisha mazungumzo. Wengi ni vijana waliotoka masomoni, na wakubwa wawili wakianza kufoka hulainisha maneno ya pande zote mbili ili kulinda kibarua chao. Zungumza kwa sentensi fupi, na baada ya jambo zito mwombe meneja arudie alichoelewa.

Muhuri mwekundu

Katika biashara ya China, muhuri wa mviringo wa rangi nyekundu una uzito kuliko saini. Barua yenye saini nzuri bila muhuri, kwao ni kama haijatoka. Muhuri hutunzwa na mtu maalumu na hutumika kwa idhini. Makubaliano ya nyongeza, ya nyumba au ya usafiri yaliyofanywa kwa mdomo, hata na meneja mwaminifu, huondoka naye siku anapohamishwa, na wanahamishwa mara kwa mara. Omba karatasi yenye muhuri wakati uhusiano ni mzuri, maana ukiomba siku ya ugomvi hupewi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na asiyeyaelewa aelezwe kwa namna anayoielewa. Usitie saini mkataba wa Kichina na Kiingereza ambao hujausoma. Dai nakala ya Kiswahili, nayo igongwe muhuri.

Saa za kazi

Hapa mila hutajwa kama kisingizio kuliko mahali pengine popote. Utasikia kwamba Wachina wamezoea kula tabu, kwamba wao wenyewe hawapumziki, kwa hiyo Mtanzania analalamika kwa uvivu. Ni kweli wengi wao hufanya kazi saa nyingi mno, mbali na watoto wao. Lakini Sheria ya Kazi ya China ya 1994 inaweka kikomo cha ovataimu cha saa 36 kwa mwezi, na malipo ya mara moja na nusu siku za kawaida, mara mbili siku za mapumziko na mara tatu sikukuu za kitaifa. Agosti 2021 Mahakama Kuu ya Watu ya China ilitamka kwamba utaratibu wa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, unakiuka sheria. Anayesema “kwetu ndivyo” anasimulia mazoea, na nchi yake imeyakataza.

Kwetu wiki ya kawaida ni saa 45, zisizozidi 9 kwa siku, siku 6. Ovataimu ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Ofisa rasilimali watu abandike jedwali la viwango hivyo ukutani kwa Kiswahili na Kichina. Mfanyakazi apige picha karatasi ya mahudhurio kila Jumamosi.

Msiba

Mfanyakazi anaomba ruhusa kwa sababu baba amefariki. Ofisa wa Kichina anafungua faili na kukuta baba alifariki mwaka jana. Anaona anadanganywa, kumbe sasa aliyefariki ni baba mdogo. Wachina wana majina tofauti kwa kaka mkubwa na mdogo wa baba, na hawamwiti yeyote kati yao baba, hivyo maelezo ya mstari mmoja yanatosha: “mdogo wake baba, ndiye aliyenilea”. Sheria inatoa siku 4 zenye malipo kwa msiba wa mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada; haimtaji baba mdogo, mjomba wala shangazi. Kwa hao omba siku zisizo na malipo au za likizo yako, na utaje nani atakushikia zamu. Kutoweka na kurudi baada ya matanga ndiko kunakofukuzisha watu kazi.

Nafasi za juu

Utafiti wa McKinsey wa 2017, uliogusa kampuni zaidi ya 1,000 za Kichina katika nchi nane za Afrika, ulikuta asilimia 89 ya wafanyakazi ni Waafrika, lakini kati ya mameneja wazawa walikuwa asilimia 44. Pengo hilo halizibwi kwa malalamiko. Sheria yetu ya ajira za wageni ya 2015 inamtaka anayeajiri mgeni awe na mpango wa kurithisha kazi hiyo kwa raia. Ofisa rasilimali watu auulizie mpango huo na ajue jina la Mtanzania lililoandikwa mbele ya kila nafasi. Aliyetajwa aombe kuingia vikao vya ratiba na vya gharama, si vya nidhamu ya vibarua peke yake. Kichina cha kazini kinasaidia sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vina Taasisi za Confucius tangu 2013.

Mradi ukifungwa

Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza wakimsubiri bosi arudi safari. Na hata ukiachana nao kwa amani, unastahili cheti cha utumishi. Kidai wiki chache kabla kambi haijabomolewa, kwa sababu muhuri wa mradi huondoka na mhasibu. Hakikisha kinataja mwaka ulioanza na uliomaliza, cheo, na kazi yenyewe, kama ni kusimamia nguzo za daraja au kuendesha kreni, kwa Kiswahili na Kichina. Kampuni nyingine ya Kichina itakayokufanyia usaili itaanza na karatasi hiyo.