Fedha za Kuwafundisha Madaktari Kutibu Uraibu

Wanafunzi wengi wa shule hii wakiulizwa watakuwa nini, hujibu kwamba wanataka kuwa madaktari, wauguzi au wafamasia. Ni jambo jema. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao kwa miaka mingi mtu aliweza kumaliza masomo yake yote ya udaktari pasipo kufundishwa vema kuutibu, ingawa wagonjwa wake twawaona barabarani kila siku. Ugonjwa huo ni uraibu, yaani kuzoea pombe, heroini au kitu kingine cha namna hiyo hata mtu asiweze kuacha kwa nguvu zake mwenyewe. Nataka kueleza jinsi Marekani ilivyojaribu kuondoa upungufu huo kwa fedha za serikali, na kwa nini habari hiyo yatuhusu sisi.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Heroini hutengenezwa kutokana na kasumba. Ikiingia mwilini hushika mahali maalumu katika seli za ubongo, na ubongo ukiisha kuizoea hauwezi kutulia bila hiyo. Mtu akiikosa kwa saa kadhaa hutoka jasho, huharisha, huumwa mwili mzima wala hapati usingizi. Hali hiyo ndiyo vijana wa mjini waiitayo arosto. Basi yule aitwaye teja (neno nisilolipenda) mara nyingi hatafuti raha tena, bali anakimbia maumivu. Ipo dawa iitwayo methadoni, ambayo hunywewa mara moja kwa siku. Hiyo hushika mahali palepale, lakini polepole, ikadumu muda wa siku nzima, na mgonjwa akaweza kwenda kazini kwake. Ipo pia buprenofini, ambayo huwekwa chini ya ulimi.

Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuitumia methadoni kwa matibabu ya namna hii huko New York mwaka wa 1964. Mtu aweza kuuliza: kama dawa ilijulikana tangu wakati huo, mbona madaktari wengi hawakujua kuitumia?

Jibu laanzia nyuma zaidi. Mwaka wa 1914 Marekani ilitunga sheria ya kusimamia kasumba na dawa zitokanazo nayo. Mwaka wa 1919 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba daktari anayempa mraibu dawa hizo ili kumtuliza tu hafanyi kazi ya udaktari. Madaktari wakashtakiwa, na wengine wakafungwa. Ugonjwa ukatoka mikononi mwa hospitali ukaingia mikononi mwa polisi. Na jambo lisilotendwa hospitalini halifundishwi chuoni.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani ililipa fedha ili vyuo vya udaktari viwe na walimu wa somo hili. Mpango huo ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha mwaka wa 2000 ilitungwa sheria ya kuwaruhusu madaktari wa kawaida kutoa dawa za namna ya buprenofini, kwa sharti kwamba kwanza wajifunze saa 8 na kupata kibali maalumu, na hapo mwanzo wasitibu wagonjwa zaidi ya 30. Ajabu ni kwamba daktari huyohuyo aliweza kuandika dawa kali za maumivu, zilizowatia watu wengi katika uraibu, pasipo kibali hicho. Kuwatia watu shimoni kulikuwa kwepesi kuliko kuwatoa! Mwaka wa 2021 watu zaidi ya 106,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa.

Mwaka wa 2018 sheria nyingine iliweka njia ya kuvipa vyuo fedha ili vilitie somo la uraibu katika masomo ya kawaida, si ya udaktari tu, bali hata ya uuguzi wa ngazi za juu. Mwaka wa 2019 zilitolewa pia fedha za posho kwa wanafunzi wanaojifunza kuwashauri waraibu na jamaa zao. Msidhani fedha za namna hii ni za kununulia vitabu. Kitabu ni rahisi. Kilicho ghali ni mwalimu. Yeye mwenyewe hakufundishwa somo hili ujanani, kwa hiyo hapana budi afundishwe kwanza. Kisha apunguziwe kazi nyingine ili akae na wanafunzi wake kliniki, wamwone mgonjwa anapokuja na anaporudi tena baada ya kuteleza. Mwanafunzi aliyemwona mgonjwa mmoja akipata nafuu hatasema kamwe kwamba watu hawa hawana dawa.

Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 29 Desemba 2022 ilikiondoa kile kibali. Badala yake, tangu Juni 2023, karibu kila anayeandikishwa kutoa dawa za namna hiyo hutakiwa awe amejifunza habari za uraibu kwa saa 8. Mwenendo ni mzuri, lakini saa 8 ni chache mno. Ninyi hutumia zaidi ya hizo kwa Hesabu katika majuma mawili.

Sasa tuje kwetu. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi wa Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Fedha nyingi za kuanzia zilitoka katika mfuko wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, maana kuchangia sindano hueneza virusi. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa maoni yangu, nafasi ya somo hili katika ratiba za vyuo vyetu yafaa ilipwe kwa fedha zetu wenyewe, hata kama ni kidogo kidogo.

Wazazi wengine wataona kwamba kunywesha dawa si kazi ya kusomea. Lakini kipimo cha kwanza kikizidi, methadoni yaweza kuzuia pumzi, na mgonjwa akafa usingizini. Tena wagonjwa wengi wa kliniki hizi wana kifua kikuu, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huifanya methadoni iishe upesi mwilini. Mgonjwa aliyekuwa ametulia hurudi akitetemeka na kudai aongezewe. Mhudumu asiyefundishwa atadhani anadanganya, naye atamfukuza. Aliyefundishwa atatazama kadi yake, aone tarehe alipoanza rifampisini, na kumwita daktari akipandishe kipimo.