Bolti Iliyoshikwa na Kutu

Mhariri alipotangaza kwamba jarida la mwaka huu linahitaji makala za mafunzo, nilijua wenzangu watakimbilia ngeli, methali na usafi wa mazingira. Mimi nimeamua kuandika juu ya bolti. Msicheke. Bolti moja nusura iniharibie karo ya muhula mzima, na nusura ituletee moto katikati ya mji wa Migori.

Kwanza niwajulishe maneno. Mistari inayozunguka shina la bolti inaitwa hesi. Gerejini hakuna anayeitaja kwa jina hilo, lakini nisipoitumia hapa mwalimu wetu wa Kiswahili ataniuliza.

Mjomba wangu anaishi Homa Bay. Ana pikapu kuukuu anayobebea samaki, ngege na mbuta waliopangwa kwenye barafu, kuwaleta kwa wachuuzi wa Rongo, Awendo na Migori. Pikapu hiyo ndiyo inayonilipia karo. Ijumaa moja ilianza kukohoa ikipanda mlima kuelekea Rodi Kopany, ikapoteza nguvu, ikazima. Mjomba alivutwa na gari la mwenzake hadi Rongo, akauza samaki kwa bei ya kutupa kabla barafu haijayeyuka, kisha akavutwa tena hadi Migori kwenye gereji ninayosaidia kazi siku za Jumamosi na likizo. Fundi mkuu pale ni mzee tunayemwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kiluo.

Gari la petroli likizima namna hiyo, mtu asikurupuke kununua pampu. Japuonj alimwambia mjomba afungue swichi bila kuwasha injini, naye akatega sikio kwenye tanki. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tanki hunguruma kwa sekunde mbili hivi, kama nyuki ndani ya debe. Kimya. Akaangalia fyuzi, ilikuwa nzima. Akapima waya wa pampu kwa balbu ndogo, balbu ikawaka. Umeme ulifika na pampu haikuzunguka, kwa hivyo pampu ndiyo iliyokufa.

Tena tuliambiwa sababu, na mjomba hakuifurahia. Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Dereva anayetia mafuta ya shilingi mia tatu kila asubuhi huiacha pampu ikifanya kazi karibu na sakafu ya tanki, ikipata joto na kunyonya uchafu uliotulia chini. Mjomba aliangalia pembeni.

Katika pikapu hiyo pampu huingia kwa juu ya tanki, na tanki limebanwa chini ya bodi. Wengine huinua bodi, lakini ya mjomba imechomelewa vyuma vya kushikilia makreti ya samaki, hainuliki. Ilibidi tanki lishushwe. Linashikiliwa na mikanda miwili ya chuma, na kila mkanda unafungwa kwa bolti moja inayoingia kwenye nati iliyochomelewa kwenye chesisi. Bolti mbili tu! Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Niliziangalia kwa tochi. Huwezi kujua kichwa kinaishia wapi na mkanda unaanzia wapi. Kote kahawia, kote magamba. Udongo mweusi wa Homa Bay ukishakunata chini ya gari hukaa na unyevu kwa siku nyingi, na juu yake kulikuwa na maji ya barafu ya samaki yanayodondoka kila siku. Ziwa letu lina maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hivyo magari yetu hayaliwi upesi kama ya Mombasa, lakini kutu haihitaji chumvi ili ianze. Inahitaji maji na hewa. Chumvi huiharakisha tu.

Hapa ndipo somo la Kidato cha Kwanza lilinirudia. Chuma kikikutana na oksijeni na maji hugeuka kuwa kutu, na kutu hiyo huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya ile ya chuma kilicholiwa. Kwenye bati la nyumba huvimba ikabanduka. Ndani ya hesi haina pa kwenda. Inajaa kila upenyo kati ya bolti na nati na kubana kama kabari. Kwa hivyo bolti yenye kutu haikushikwa na gundi. Imebanwa na kitu kilichonenepa. Mtu akielewa hilo ataelewa kwa nini nguvu peke yake haisaidii.

Jioni ile Japuonj alikwangua matope, akasugua bolti kwa brashi ya waya, akazimwagia mafuta ya kulegeza kutu, akaenda zake nyumbani. "Kesho, nyathina," aliniambia. Ukikosa mafuta hayo ya mkebe, mafundi wetu hutumia mafuta ya breki au dizeli. Yote hufanya kazi ileile, kupenya polepole kwenye nyufa za kutu, na yote yanataka muda. Dakika tano hazitoshi. Usiku mzima ni afadhali.

Jumamosi nilifika kabla ya mzee. Mjomba alikuwa amelala garini, macho mekundu, anawaza samaki wa Jumapili. "Okewa, hebu jaribu," akaniambia. Mtoto wa dada huwezi kukataa. Nilichukua spana ya ringi namba 12, nikavuta, haikusonga. Basi nikaona paipu ya maji, nikaichomeka kwenye mpini wa spana ili iwe ndefu.

Sasa fanyeni hesabu ambayo mimi sikuifanya. Spana ilikuwa na urefu wa sentimita 15. Nikivuta kwa nguvu ya nyutoni 200, ambayo ni kama uzito wa kilo 20, nguvu ya kuzungusha ni 0.15 mara 200, yaani nyutoni-mita 30. Hicho ni kiasi ambacho bolti ya unene wa milimita 8 inavumilia. Kwa paipu urefu ukawa sentimita 60. Mkono uleule, jasho lilelile, lakini sasa ni 120. Bolti ya unene huo haiwezi kuvumilia hata mpya, seuze iliyoliwa na kutu. Tulifundishwa hayo Kidato cha Pili na nilipata alama nzuri kwenye mtihani.

Ilisonga vizuri, nikafurahi. Ilikuwa laini mno. Halafu ta! Kichwa kikaanguka sakafuni na mkanda ukaning'inia. Ashukuriwe Mungu kwamba tangu jana mzee alikuwa ameweka jeki na ubao chini ya tanki, la sivyo lingenishukia kifuani. Mjomba akasema, "Si limefunguka?" Ndiyo, upande mmoja ulifunguka, lakini shina la bolti lilibaki ndani ya nati, limekatika sawasawa na uso wa chesisi. Tanki tungelirudisha kwa kamba?

Fundi jirani wa kuchomelea alisikia kelele, akaja akivuta mitungi yake ya gesi kwa roho safi kabisa. Alisema atapasha nati moto hadi iwe nyekundu, itanuke, na shina litoke lenyewe. Kwa kweli dawa hiyo ni nzuri. Chuma hutanuka kwa joto, kutu huvunjika, na bolti ya mguu wa gari au ya ekzosi hufunguka namna hiyo kila siku. Nami nilisogea nimpishe.

Japuonj aliingia wakati ule ule. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, ila siku hiyo. "Zima! Ondoa hiyo kitu hapa!"

Alitukalisha wote, hata mjomba ambaye ni mtu mzima, akatuuliza tanki lina mafuta kiasi gani. Mjomba akajibu kwa furaha kwamba ni kidogo sana, karibu kuisha, kwa hivyo hakuna hatari. Mzee akatikisa kichwa. Petroli ya maji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Ukitosha asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, cheche moja inatosha. Tanki lenye mafuta kidogo lina nafasi kubwa ya mvuke, na likifunguliwa hewa huingia na kuufikisha kwenye kipimo hicho. Mvuke wenyewe ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa, kwa hivyo haupai juu ukapotea. Hutambaa sakafuni na kulala kwenye mashimo. Wala usingoje jua ndipo uuogope, kwa maana hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri petroli hutoa mvuke wa kuwaka.

Akatukumbusha Sachang'wan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, ambapo lori la petroli lilianguka na watu zaidi ya 100 wakafa kwa moto wakichota. Na Malanga, Gem, Julai 2021, si mbali na sisi, mambo yakawa hayo hayo. Fundi wa gesi aliinama, akaondoka na mitungi yake polepole.

Tukaanza upya. Betri ilifunguliwa upande wa hasi. Gari lilisukumwa nje penye upepo, ndoo mbili za mchanga zikawekwa karibu, na wavuta sigara wakafukuzwa hadi ng'ambo ya barabara. Petroli ilinyonywa kwa pampu ya mkono hadi kwenye jerikeni lenye kifuniko.

Bolti ya pili ilichukua saa mbili. Mzee aliniachia spana fupi, akaitupa ile paipu mbali. Kwanza nilikaza kidogo, ndiyo, kukaza, ili kutu ivunjike. Kisha kulegeza kidogo. Nikihisi inakuwa laini bila kuzunguka, nisimame, maana huo ndio ulaini wa chuma kinachojikata. Mafuta tena. Kugonga kichwa kwa nyundo ya shaba, ambayo haitoi cheche kirahisi, si kwa hasira, bali mapigo mengi madogo. Kukaza, kulegeza. Mara ikatoa mlio mkali kama mlango wa zamani, ikasonga robo mzunguko. Mlio huo ndio unaoutaka. Ikilia, inafunguka, ikinyamaza na kulainika, inakatika.

Tanki likashushwa, likapelekwa mbali, mabomba yakazibwa kwa matambara. Lile shina langu nililitoa mwenyewe kwa amri ya mzee, kwa keekee ya mkono, kwa sababu keekee ya umeme hutoa cheche ndani ya mota na bomba la petroli lilikuwa bado limepita ubavuni mwa chesisi. Nilipiga alama katikati kwa patasi ya ncha, nikatoboa kwa milimita 3, kisha 5, kisha 6.8, nikitia mafuta kila mara, halafu tukakata hesi upya. Mikono ilivimba hadi Jumatatu sikuweza kushika kalamu sawasawa, na mwalimu wa hisabati ana daftari langu kama ushahidi.

Pampu mpya ilifungwa na mpira mpya wa kuzuia mvuke. Bolti mbili mpya nilizipaka grisi kwenye hesi. Saa kumi na moja jioni mjomba alifungua swichi, sote tukanyamaza, na nyuki akanguruma ndani ya debe kwa sekunde mbili. Injini ikawaka.

Alinishika bega, akampa mzee mkono kwa heshima, akaondoka kuelekea Homa Bay. Nilimwona akikata kona kuingia kituo cha mafuta kule mbele. Alitia ya shilingi mia tatu.