Jina la Moa katika Faharasa ya Dunia: Je, Lebo za Meta Zisizo za Kawaida Huupandisha Ukurasa wa Intaneti?

Moa ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga, kaskazini ya mji wa Tanga na si mbali na Jasini na mpaka wa Kenya. Mwenyeji wa pwani hiyo akilitamka jina hilo, hapana anayemwuliza ni Moa ipi. Katika intaneti, hata hivyo, jina hilo lina wadai wengi. Moa ni ndege mkubwa asiyeruka wa Nyuzilandi, aliyetoweka miaka ipatayo 600 iliyopita. Ni mji wa machimbo ya nikeli nchini Kuba. Ni mto utokao Guinea na kupita Sierra Leone. Tena ni kisiwa katika Mlango wa Torres huko Australia, na kisiwa kingine huko Indonesia. Mwanafunzi anayetafuta habari kwa kuandika neno hilo peke yake asishangae akikutana na ndege kabla ya kukutana na kijiji.

Ichukuliwe kwamba shule moja ya sekondari ya pwani hiyo imetengeneza tovuti yenye habari za mikoko, uvuvi na historia ya Moa. Fundi wa kompyuta anaijia shule na kuahidi kwamba, kwa malipo ya ziada, atatia katika kila ukurasa "lebo za meta" ambazo wengine hawazitumii, na kwamba kwa sababu hiyo tovuti itapanda juu katika orodha ya majibu. Fedha hizo zingeweza kununua vitabu. Kabla ya kulipa, yafaa mwalimu na wanafunzi wake waelewe lebo hizo ni kitu gani na zinasomwa na nani.

Ukurasa wa intaneti una sehemu mbili. Moja ni ile aionayo msomaji: kichwa, aya na picha. Nyingine imefichika nyuma yake, nayo husomwa na kompyuta tu. Katika sehemu hiyo ya pili ndimo zilimo lebo za meta, ambazo kazi yake ni kutoa habari juu ya habari: nani ameandika, kwa lugha gani, kuhusu jambo gani. Kila lebo ina jina na maudhui. Lebo ya mahali, kwa mfano, huwa na maneno haya:

meta name="geo.placename" content="Moa, Tanga"

Lebo hiyo ni kama kipande cha karatasi kilichotiwa ndani ya gunia la mbata. Mlaji wa mbata hakioni; mwenye gunia ndiye aliyekiandika, na ameandika alilotaka.

Injini ya utafutaji, kama vile Google au Bing, haizunguki duniani kila mtu anapouliza swali. Programu zake hutembelea kurasa mapema, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na kwa yale ziliyoyasoma hutungwa faharasa mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha kiada: kila neno, na orodha ya kurasa lilimoonekana. Swali likija, kinachosomwa ni faharasa hiyo. Kazi ngumu ni kupanga: katika kurasa elfu nyingi zenye neno lililoulizwa, ipi itangulie?

Mwaka 1972 mtaalamu wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alitoa wazo ambalo bado ni msingi katika elimu hii, kwamba neno adimu lipewe uzito mkubwa kuliko neno lililoenea. Katika sura yake nyepesi, uzito wa neno ni logi ya N/n, ambapo N ni idadi ya kurasa zote na n ni idadi ya kurasa zenye neno hilo. Mwanafunzi aliyekwisha jifunza logi za kizio cha 10 anaweza kuifanya hesabu hii mwenyewe. Tuseme faharasa ndogo ina kurasa 1,000. Neno "na" limo katika zote 1,000: uzito wake ni logi ya 1, yaani 0, nalo halisaidii kubagua ukurasa wowote. Neno "Moa" limo katika kurasa 100, na 95 kati ya hizo ni za ndege: uzito wake ni logi ya 10, yaani 1. Neno "Mkinga" limo katika kurasa 10 tu: uzito wake ni logi ya 100, yaani 2.

Mtu akiuliza "Moa" peke yake, ukurasa wa ndege na ukurasa wa kijiji hupata alama 1 kila mmoja, na kijiji hakina hoja ya kujitetea. Akiuliza "Moa Mkinga", ukurasa wenye maneno yote mawili hupata 3, na ule wa ndege hubaki na 1. Hesabu za injini za leo zina vipengele vingi zaidi ya hivi, lakini jambo lenyewe liko wazi: aliyeandika "Mkinga", "Tanga" na "Jasini" katika aya zake amejisaidia sana kuliko aliyeandika "Karibuni Moa" akanyamaza. Kosa hili ni la kawaida mno katika tovuti za shule. Mwandishi anajua yuko wapi, basi hasemi.

Ikiwa maneno yana nguvu hivyo, kwa nini yasiandikwe kwenye lebo iliyofichika? Jambo hilo lilikwisha jaribiwa. Mnamo mwaka 1996 injini za Infoseek na AltaVista zilianza kuisoma lebo iitwayo "keywords", yaani maneno makuu ya ukurasa. Haukupita muda, wenye tovuti wakaijaza maneno yasiyohusu kurasa zao, maadamu ni maneno yanayotafutwa na watu wengi. AltaVista iliacha kuitumia mwaka 2002, na mwezi wa Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haiitumii kabisa katika kupanga majibu. Sababu yake inajulikana na kila anayenunua samaki mnadani: muuzaji aseme asemavyo, mnunuzi mzoefu hufunua matamvua akatazama wekundu wake. Wekundu huo, kwa injini, ni maneno aonayo msomaji, pamoja na viungo vinavyotoka kwenye tovuti za watu wengine. Hesabu ya viungo hivyo ndiyo iliyowapatia sifa Sergey Brin na Larry Page katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1998.

Lebo zisizo za kawaida ambazo fundi anaziuza zimepatwa na hali hiyo hiyo. Lebo ya "revisit-after", inayodai kuiagiza injini irudi baada ya siku kadhaa, ilitungwa kwa ajili ya injini ndogo ya Vancouver, Kanada. Zile kubwa hazikuifuata. Lebo za mahali, kama "geo.position", zinaweza kuitaja Moa kwa latitudo na longitudo zake, na "geo.region" ikaongeza TZ-25, ambayo ni alama ya kimataifa ya Mkoa wa Tanga, lakini Google imeeleza kwamba haizitumii. Ili kujua nchi, anwani inayoishia kwa .tz huipa ishara iliyo bora zaidi. Lugha nayo hutambuliwa kwa kuyasoma maneno yenyewe, ingawa Bing imewahi kuwashauri wenye tovuti waitaje pia katika lebo.

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba lebo zote ni bure. Zipo ambazo ni amri, si madai, na amri hutiiwa. Ya kwanza ni "robots". Ikiwa na neno "noindex", injini kubwa huuondoa ukurasa katika faharasa kabisa. Mafundi huitia kwa haki wakati tovuti ingali inajengwa. Hatari ni kuisahau. Shule inaweza kukaa mwaka mzima ikilaumu uchache wa lebo zake, kumbe lebo moja iliyozidi ndiyo iliyofunga mlango. Atakayeikagua tovuti ya Moa aanze hapo, kwa kufungua ukurasa katika kompyuta na kubonyeza vitufe vya Ctrl na U kwa pamoja ili aione sehemu iliyofichika. Amri nyingine, "unavailable_after", iliyoanza kutumika mwaka 2007, huieleza Google tarehe ya kuacha kuuonyesha ukurasa. Yafaa kwa tangazo la mkutano wa wazazi.

Lebo ya "description" haiongezi daraja, bali maelezo yake huweza kuonyeshwa chini ya kichwa katika orodha ya majibu, na maelezo mazuri humvuta msomaji. Lebo za Open Graph, zilizoletwa na Facebook mwaka 2010, huamua picha na kichwa kitakachoonekana kiungo kinapotumwa kwa WhatsApp, nazo katika nchi ambako habari nyingi hupitia simu si jambo dogo.

Mahali pamoja ambapo lebo adimu husaidia kweli ni katika maandishi ya kitaalamu. Google Scholar husoma lebo kama "citation_title", "citation_author" na "citation_publication_date" ili kuitambua makala, mwandishi na mwaka wake. Lebo za Dublin Core, zilizobuniwa na wakutubi na wenzao mwaka 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, huzikubali pia, lakini kama njia ya mwisho. Mtafiti wa mikoko ya Mkinga ambaye ripoti yake imewekwa bila lebo hizo huenda asionekane na wenzake, au mwaka wa kazi yake ukasomwa vibaya. Hapo malipo ya fundi yana maana.

Darasa lenye ukurasa wake linaweza kulipima jambo hili bila gharama. Wanafunzi watunge maneno mawili yasiyo na maana, na wahakikishe kwa kuyatafuta kwamba hayapo popote. La kwanza litiwe katika lebo ya "keywords" tu. La pili liandikwe katika aya inayoonekana. Baada ya wiki kadhaa yatafutwe yote mawili, kila moja ndani ya alama za kunukuu ili injini isijaribu kulisahihisha. Neno la pili ndilo kipimo cha ulinganisho: lisipopatikana, ukurasa haujaingia katika faharasa, na ukimya wa neno la kwanza hauthibitishi chochote. Kila injini ipimwe peke yake. Na neno la kwanza lisiandikwe mahali pengine popote katika intaneti, hata katika ripoti ya jaribio lenyewe, mpaka kipimo kiishe.