Punda Si Farasi Mdogo

Sisi tuliozaliwa Lamu tumemzoea punda hata hatumtazami. Hubeba mchanga, mawe na saruji katika vichochoro ambamo gari halipiti, na nyumba nyingi hula kwa mgongo wake. Punda huyo akifa, chakula hukatika. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu kwamba maradhi yake ya kifua hayafanani na ya farasi, ijapokuwa wanyama hawa ni jamaa.

Farasi akiugua mapafu hujulikana upesi. Akikimbizwa, pumzi humpungukia, hukohoa, na mpandaji hutambua siku ile ile. Punda hakimbizwi, huenda mwendo wake wa pole, na maumivu huyaficha. Atasimama tu, kichwa kimeinama kidogo, na watu watasema, "Leo huyu ana uvivu." Kumbe mapafu yamekwisha haribika! Fimbo hapo haisaidii kitu.

Yafaa apimwe. Punda mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika. Farasi hupumua mara 8 hadi 16 tu. Joto la farasi huwa baina ya digrii 37.5 na 38.5, lakini la punda ni 36.5 hadi 37.8. Basi punda mwenye digrii 38.3, ukimpima kwa kipimo cha farasi, utasema hana neno, na hali ana homa. Jambo hili limenistaajabisha kuliko yote.

Kuna na minyoo ikaayo ndani ya mapafu. Punda huweza kuwa nayo asikohoe hata kidogo. Watoto wa minyoo hiyo hupanda hadi kooni, humezwa, kisha hutoka pamoja na mavi na kuenea majanini. Farasi alishaye hapo huipata, naye hukohoa muda mrefu. Hayo ni ya nchi kama Uingereza, ambako huwekwa malisho mamoja. Mimi Lamu sijapata kuona farasi. Lakini katika homa ya mafua ya wanyama hawa mambo hugeuka: punda ndiye aumiaye zaidi. Mwaka 2019 homa hiyo iliua punda wengi huko Nijeri, Afrika ya Magharibi.

Vumbi nalo ni adui, hasa la majani makavu. Heri kuyanyunyizia maji kabla ya kumpa.

Hatari kubwa ni punda mgonjwa kuacha kula. Hapo mafuta ya mwili huyeyuka na kujaa katika damu, yakaweza kumwua kabla ya ugonjwa wenyewe. Asingojewe mpaka kesho. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, na kwetu Lamu iko hospitali ya punda tangu 1987. Kuhesabu pumzi hakutaki chombo ila saa: simama ubavuni, kabla hajapakiwa mzigo, utazame mbavu zikipanda na kushuka kwa dakika nzima.