Molasi kikombe, siyo dumu: somo lililonigharimu sato 140 🐟

Leo naongea na wale tunaouza samaki kwa stetasi ya WhatsApp huku tukiwafuga uani.

Mimi nafuga sato kwenye tenki la lita 5,000 hapa Gerezani, jirani na Kariakoo. Eneo dogo, maji ya kununua, siwezi kuyabadilisha kila siku. Kwa hiyo natumia bayofloki, yaani bakteria ndio wanaonisafishia maji.

Inavyofanya kazi: sato akishakula, sehemu kubwa ya protini inarudi kwenye maji kama amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoichukua hiyo amonia, ila wanahitaji kaboni ya kujengea miili yao. Chakula cha samaki hakiwapi kaboni ya kutosha, ndiyo maana tunaongeza molasi, sukari au unga wa muhogo. Bakteria wakishikana wanakuwa vichembe vya kahawia, na sato anavila tena.

Kosa langu lilikuwa hili. Jioni moja nilipima amonia, ikasoma miligramu 2 kwa lita. Nikaogopa, nikamimina molasi lita 3 kwa mkupuo, nikaenda kulala. Nilisahau kwamba bakteria nao wanapumua. Ukiwapa sukari nyingi wanazaana haraka na kumaliza hewa ndani ya maji. Saa nane usiku umeme ukakatika, pampu ya hewa ikazima. Asubuhi sato 140 kati ya 200 walikuwa wanaelea. Na wateja tisa walikuwa wameshalipia oda. Niliwarudishia hela zao siku ileile.

Ningepiga hesabu hii kwanza, nisingefika huko:

1. Lita za tenki × miligramu za amonia kwa lita. Langu: 5,000 × 2 = 10,000, yaani gramu 10.

2. Kila gramu 1 ya amonia inahitaji kama gramu 15 za sukari. Gramu 10 × 15 = gramu 150.

3. Molasi karibu nusu yake ndiyo sukari, kwa hiyo zidisha mara mbili: gramu 300. Hiyo ni kama kikombe kimoja cha chai. Mimi niliweka zaidi ya mara kumi!

Ninavyofanya sasa:

✅ Naweka asubuhi, siyo jioni, ili niwe macho kuwaangalia. Nakoroga kwanza kwenye ndoo ya maji ya tenki, nagawa mara mbili.

✅ Amonia ikiwa chini ya miligramu 1, siongezi kitu.

✅ Umeme ukiwa umekatika au samaki wanahema juu ya maji, hakuna molasi. Napunguza na chakula.

✅ Napima vichembe: nachota lita moja ya maji, naweka kwenye chupa iliyokatwa kitako na kugeuzwa mdomo chini, nasubiri dakika 20. Tope likifika mililita 30, nasimamisha molasi. Likizidi 50, natoa tope.

✅ Nina pampu ya hewa ya betri pembeni. Kwenye bayofloki pampu ndiyo roho ya biashara. Kama huwezi kununua ya akiba, usianze.

Na upande wa mauzo: bidhaa yenye uhai usiipokelee hela yote mapema. Mimi sasa napokea malipo nikishamtoa samaki majini na kumpima kwenye mzani, mteja anatumiwa picha, ndipo boda anaondoka. Wateja saba kati ya wale tisa bado wananunua kwangu. Walirudi kwa sababu nilirudisha hela yao kabla hawajaidai.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako mwenye tenki. Wewe tenki lako lina lita ngapi na amonia inasoma ngapi? Andika hapo chini, tupige hesabu pamoja.