Pawatila kuukuu, moshi wa bluu

Swali: Nimenunua pawatila chakavu hapa Ulemo, wilayani Iramba. Injini inawaka kwa tabu na inatoa moshi wa bluu. Naweza kuifufua mwenyewe nyumbani?

Jibu: Unaweza, ndugu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha au slivu imelika. Zungusha hendeli polepole: ikienda laini mzunguko mzima bila kukaza, kompresheni imepungua. Ukifungua injini, ingiza ringi peke yake ndani ya slivu, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Pitisha ukucha ndani ya slivu; ukikwama kwenye ngazi sehemu ya juu, badilisha slivu, pistoni na ringi pamoja. Kisha osha kichujio cha hewa, maana vumbi la shambani husaga ringi mpya vilevile. Kupaka rangi kuwe kwa mwisho.